Tela Lililochomoka Tutani: Kumbukumbu za Kikao cha Wazazi wa Lüttje Lü

CHAMA CHA WAZAZI WA KITUO CHA WATOTO LÜTTJE LÜ, WESTERSIEL

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KUCHAGUA TELA LA BAISIKELI LA KUBEBEA WATOTO, KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 16 MACHI 2019 KATIKA UKUMBI WA ZIMAMOTO WA KIJIJI, SAA TISA ALASIRI

WALIOHUDHURIA
Habbo Eilers – Mwenyekiti, baba wa mapacha
Geeske Lübben – Makamu Mwenyekiti na mlezi wa watoto kituoni
Reemt Saathoff – Mhazini
Insa Tjaden – Mjumbe, mama wa Fenna
Wübke Reents – Katibu

WAALIKWA
Mzee Hilko Tjaden – baba yake Insa, babu wa Fenna
Fenna, miaka miwili na nusu, ambaye hakuwa na mtu wa kubaki naye nyumbani. Hana kura.

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Tomke Freese – kondoo wake wanazaa

KUMB. NA. 1/3/2019: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa Mwenyekiti ndiye aliyekuwa akisubiriwa. Mwenyekiti aliomba chai inywewe baada ya ajenda ili watu wawahi kuondoka. Ombi hilo halikuungwa mkono na mtu yeyote, na Geeske akaanza kumimina. Mwenyekiti alikunywa kikombe kimoja tu, kisha akaweka kijiko ndani ya kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Wajumbe walikitazama kile kijiko. Katika kijiji hiki hata mgonjwa hunywa vitatu.

Upepo ulikuwa mkali. Madirisha ya upande wa tuta la kuzuia bahari yalitikisika muda wote, na kila yalipotikisika Insa aligeuka kumtazama mtoto wake. Wote tuliliona hilo na hakuna aliyelisema, ndiyo maana Katibu ameona aliandike.

KUMB. NA. 2/3/2019: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alisoma taarifa ya ajali ya mwezi uliopita. Mzee Hilko alikuwa akimpeleka Fenna kituoni kwa baisikeli, akipita njia ya juu ya tuta kama alivyofanya tangu mtoto aanze kuja kwetu. Tela la Chama lilichomoka kwenye baisikeli, likateremka mteremko wa ndani, upande wa kijiji, na kuzuiwa na waya wa kondoo. Ng'ambo ya waya ni mfereji, na mfereji ulikuwa umejaa. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda kitini na hakuumia. Tela lilivunjika gurudumu na likauzwa kama chuma chakavu. Kikao kilichopita kiliandika kwamba chanzo ni "kufungwa vibaya na aliyekuwa akivuta".

Insa alikumbusha kwamba tangu siku ile hajampa baba yake mtoto. Anamleta kwa miguu mwenyewe, anachelewa kazini kwenye duka la mikate mjini, na mwajiri wake ameshamwambia kwamba baada ya Pasaka hatavumilia tena. Hana mtu mwingine wa kumletea mtoto ila huyo baba yake. Alisema hakuja kumshitaki mtu, amekuja kutafuta tela ambalo akilitazama likiondoka ataweza kupumua. Ni nani atakayelivuta, hilo alitaka lizungumzwe mwishoni.

Mzee Hilko aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hana.

Mhazini, kwa nia ya kuchangamsha ukumbi, alisema huenda umefika wakati wa Mzee kununuliwa miwani. Insa alimjibu: "Reemt, baba yangu nitamsema mimi. Wewe mwache."

Mhazini aliomba radhi.

KUMB. NA. 3/3/2019: KUCHAGUA TELA
Mwenyekiti aliwaonyesha wajumbe matela mawili yaliyoazimwa kutoka duka la baisikeli la mjini, moja jekundu na moja la kijani. Mhazini alithibitisha kwamba lolote litakalochaguliwa, mauzo ya keki yanalimudu, kwa hiyo bei isijadiliwe. Haikujadiliwa.

Mwenyekiti alipendekeza tela jekundu. Ni pana, lina mkono mnene wa chuma wa kuvutia, na watoto wawili wanakaa bila kugusana. Alieleza kwamba wanawe, Jelto na Wiard, wakikaa bega kwa bega hawafiki hata kanisani kabla mmoja hajamng'ata mwenzake.

Geeske alipendekeza la kijani. Alieleza kwamba asubuhi ya siku hiyo aliyavuta yote mawili, yakiwa matupu, mpaka kwenye lango la kondoo lililoko tutani. La kijani lilipita. Jekundu lilikwama magurudumu kwenye nguzo, na akaeleza kwamba mvutaji atalazimika kila siku kusimama pale juu, kumtoa mtoto kwenye upepo, kufungua tela, kulibeba na kulifunga upya. Mwenyekiti alishauri waandikiwe wasimamizi wa tuta wapanue lango. Mhazini alikumbusha kwamba wasimamizi haohao waliombwa benchi moja la wazee, na wazee walioliomba wameshazikwa.

Geeske aliomba Fenna avishwe kofia yake ngumu na akalishwe katika kila tela. Ndani ya jekundu, kofia iligonga mgongo wa kiti na kichwa cha mtoto kikasukumwa mbele, kidevu kifuani, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. La kijani limeachiwa nafasi nyuma ya kichwa, na mtoto alikaa wima. Baada ya hapo Fenna alirudi mwenyewe kwenye jekundu, akavua kofia na kulala humo. Mwenyekiti alitaka hilo lihesabiwe kuwa kura. Katibu alimwelekeza kwenye orodha ya waalikwa.

Insa aliuliza itakuwaje upepo ukilipiga tela ubavuni. Geeske alijibu kwamba la kijani ni la chini na halipinduki upesi, ila kwenye kona lazima mtu apunguze mwendo, asikate kona kwa ndani gurudumu moja likapanda ukingo. Insa aliuliza itakuwaje pini ya kiungio ikikatika. Geeske alimwonyesha mkanda wa akiba ulioshonewa kwenye mkono wa tela, unaozungushwa kwenye fremu ya baisikeli. Pini ikitoka, mkanda unalishikilia tela lisiende popote, na huu, tofauti na ule wa tela la zamani, hauwezi kutolewa bila kisu. Insa aliuvuta kwa nguvu zake zote, mguu mmoja ukiwa ukutani. Kisha akauliza tena itakuwaje upepo ukilipiga tela ubavuni. Geeske alijibu tena, kwa upole uleule, na Katibu anamshukuru.

Ilipoonekana wajumbe wanaelekea kwenye la kijani, Mwenyekiti alisimama akaupiga kofi mkono wa tela jekundu. Alisema: "Jamani, hiki ndicho chuma. Hiki hakipindi. Humu unapakia kreti nne za bia na linakutazama tu. Lile la zamani, kreti tatu tu, lilikuwa linalia njia nzima."

KUMB. NA. 4/3/2019: SUALA LA KRETI (halikuwemo kwenye ajenda)
Geeske aliweka birika mezani na kuuliza ni kreti gani.

Mwenyekiti alisema alikuwa anatoa mfano. Geeske aliuliza mfano huo ni wa lini. Mhazini alicheka na kusema mbona habari hiyo kila mtu anaijua, ni ile siku ya sukuma wiki. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliacha.

Ilielezwa, kwa vipande na kwa kusukumana, kwamba mwezi Februari kikosi cha zimamoto kilifanya matembezi yake ya kila mwaka ya sukuma wiki. Watu hutembea mashambani na kigari cha vinywaji mpaka kwenye mgahawa, na huko hula sukuma wiki na soseji mpaka wasiweze kuinama. Katibu hakwenda, alikuwa na mafua. Geeske hakualikwa. Gurudumu la kigari cha kikosi lilivunjika kabla ya kuondoka, na kwa kuwa ufunguo wa banda letu uko kwa Mwenyekiti, alichukua tela la watoto. Kreti tatu zilipakiwa. Mkanda wa akiba ulifunguliwa ukatumika kuzifungia zisigongane.

Iliendelea kuelezwa kwamba Mhazini ndiye aliyekula kuliko wote, akavishwa taji la majani kuwa Mfalme wa Sukuma Wiki wa mwaka huu. Mfalme, kwa desturi, harudi nyumbani kwa miguu. Alikalishwa ndani ya tela la watoto, miguu ikining'inia nje, akavutwa mpaka mlangoni kwake huku akiimbiwa. Mhazini aliomba uzito wake usiandikwe. Haujaandikwa. Inatosha kusema kwamba tela lile liliruhusiwa kilo arobaini, na njiani watu watatu walikuwa wakisukuma kwa nyuma.

Mkono wa tela ulipinda. Kesho yake Mwenyekiti aliunyoosha kwa nyundo kwenye zizi la ng'ombe. Geeske aliuliza kama tundu la pini lilibaki vilevile. Mwenyekiti alisema lilipanuka kidogo. Aliulizwa kama pini ilikuwa bado inalia ikiingia, ishara kwamba imeshika. Alisema ililia, lakini ilikuwa inacheza. Mkanda wa akiba ulisahauliwa mgahawani. Alilirudisha tela bandani na hakumwambia mtu. Asubuhi iliyofuata wanawe mwenyewe walipandishwa tela hilo wakaenda nalo kituoni na kurudi. Mwenyekiti alisema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Insa alisema yeye analo lingine.

Insa aliuliza: "Habbo, kikao kilichopita ulikuwepo?"

Mwenyekiti alijibu kwamba alikuwepo, tena ndiye aliyekiongoza.

"Tulipoulizwa nani anakubali iandikwe kwamba baba yangu alifunga vibaya, ulinyoosha mkono?"

Mwenyekiti alikisogeza kikombe chake. Insa alirudia swali.

"Nilinyoosha," alisema Mwenyekiti. "Nilijiambia labda kweli alifunga vibaya. Nilitaka sana iwe hivyo, Insa. Nilitaka mpaka nikaamini."

Mwenyekiti alimgeukia Mzee Hilko na kuomba msamaha. Mzee Hilko aliitikia kwa kichwa, bila kumtazama. Mwenyekiti kisha aliomba kuachia kiti kwa sehemu iliyobaki, na Geeske akakikalia.

Insa alihamia kwenye benchi la baba yake. Aliuliza, kama pini iliingia na ililia, kwa nini muda wote huu hakusema. Mzee alijibu kwamba alisema siku ileile, na Insa alikuwa akilia, hakusikia. Insa alikubali kwamba huenda ni kweli. Kisha akauliza kuhusu ule mkanda wa akiba. Katibu ameyaandika yaliyofuata kama yalivyosemwa, kwa kuwa wote wawili walisema hawana pingamizi.

"Haukuwepo asubuhi ile, baba?"

"Haukuwepo."

"Na uliona haupo?"

"Niliona. Mtoto nilishamfunga kitini, na mvua ilikuwa inakuja. Nikasema ni leo tu."

Madirisha yalitikisika. Insa alikuwa amemshika baba yake mkono na hakuuachia, lakini hakumtazama pia.

MAAZIMIO: (a) Maneno "kufungwa vibaya na aliyekuwa akivuta" yafutwe. Yaandikwe: tela lilikuwa limeharibiwa na halikutengenezwa ipasavyo, mkanda wa akiba ulikuwa umeondolewa, na safari ilianza bila mkanda huo. Kipande cha mwisho kiliongezwa kwa ombi la Mzee Hilko mwenyewe, na Geeske alijaribu kumzuia. (b) Ufunguo wa banda utunzwe na Geeske. (c) Tela la watoto libebe watoto. Mhazini aliuliza kama hilo lina haja ya kuandikwa. Wajumbe walisema lina haja.

Kura ilipigwa. Tela la kijani lilipita kwa kura zote, pamoja na ya Habbo Eilers. Fenna alihamishwa kutoka jekundu akiwa bado nusu usingizini, akalalamika.

KUMB. NA. 5/3/2019: NANI ATAKAYEVUTA
Kaimu Mwenyekiti alimwuliza Insa kama sasa yuko tayari hili lizungumzwe. Insa alisema yuko tayari. Alikiri kwamba hofu haijamtoka, na hadhani itamtoka kwa kura, lakini kazi anaihitaji, na baba yake yeye anamjua. Alimwambia Mzee kwamba Jumatatu amchukue Fenna.

Wajumbe walifurahi, na Mhazini akaanza kupiga makofi. Mzee Hilko alisema hapana.

Insa alidhani hakusikia, akarudia. Mzee alisema amesikia vizuri. Aliomba aruhusiwe kuongea akiwa ameketi, akaongea akiangalia sakafu:

"Mmekuwa mkidhani nimenyamaza kwa sababu mmenionea. Sikunyamaza kwa hilo. Siku ile nilikuwa napanda na upepo usoni, magoti yanauma, namwambia Fenna tunakaribia. Mara baisikeli ikawa nyepesi. Nikafurahi, mwanangu. Nikasema upepo umegeuka, leo Mungu kanihurumia. Nikaendelea kukanyaga, napiga mluzi. Sijui nilikwenda umbali gani hivyo. Nikamwambia Fenna, waone wale kondoo. Hakujibu. Ndipo nikageuka. Mtoto yuko kule chini kwenye waya, na mimi huku juu nafurahi."

Alisema pia kwamba tangu hapo akivuta hata kigari cha kuni, kikiwa chepesi kidogo tu, kama mahali penye mteremko, anashuka kutazama nyuma. Mtu wa namna hiyo, alisema, atamwangusha mtoto kwa kutazama nyuma. Alipendekeza atafutwe mtu mwingine.

Habbo Eilers alisema yeye yuko tayari kumpeleka Fenna kila siku pamoja na wanawe. Insa alimshukuru kwa sauti ambayo Katibu hawezi kuiandika, na pendekezo halikuendelea.

Insa alitoka nje. Wajumbe walidhani amekasirika. Alirudi akiwa amevaa koti, nywele zimevurugwa na upepo, akasimama mbele ya baba yake.

"Nitapanda nyuma yako," alisema. "Nimeileta baisikeli yangu, iko hapo nje. Nitakuwa nyuma ya tela na nitapiga kengele njia nzima. Ukisikia kengele, yupo. Huna haja ya kugeuka."

Mzee aliuliza na kazi yake je. Insa alisema ataomba zamu ya baadaye kwa muda, na wakimnyima itajulikana hukohuko. Mzee aliuliza itakuwa mpaka lini. Insa alisema mpaka mmoja wao achoke kuogopa. Mzee aliuliza ikiwa hawatachoka. Insa alisema basi Fenna atakua, na atakataa mwenyewe kubebwa.

Mzee Hilko alikubali, kwa sharti kwamba wajaribu sasa hivi, wakati upepo uko vilevile, kwa sababu akienda kulala kwanza, kesho hatakubali tena.

Geeske alifunga tela kwenye baisikeli ya Mzee. Mzee alifungua alichofunga Geeske, akafunga mwenyewe. Insa alifungua alichofunga Mzee, akafunga tena. Pini ililia mara tatu. Mkanda wa akiba ulizungushwa kwenye fremu na kila aliyekuwepo aliuvuta, pamoja na Mhazini, ambaye hakuombwa. Fenna alivishwa kofia na mikanda ya mabega, akauliza kama wanaenda kwa kondoo. Babu yake ndiye aliyemwambia ndiyo.

KUMB. NA. 6/3/2019: KUFUNGA KIKAO
Hakukuwa na mengineyo. Saa kumi na moja na nusu jioni Kaimu Mwenyekiti alitamka kwamba kikao kimekwisha, lakini hakuna aliyeondoka. Wajumbe walisogea kwenye dirisha la upande wa tuta. Mzee alipanda mteremko taratibu, ameinama, tela la kijani nyuma yake, na Insa nyuma ya tela. Walipofika juu waligeuka, wakashuka upande wa pili wa tuta, na kutoka ukumbini hawakuonekana tena. Kengele ilisikika vizuri.

Kisha kengele ikakatika.

Mhazini alisema ni upepo tu umeichukua sauti. Habbo Eilers alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Katibu aliacha kuandika.

Halafu tukaisikia tena, mbali zaidi, inapigwa harakaharaka na mtu mwenye hofu kama sisi.

Zimethibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi za kikao:

Geeske Lübben, Kaimu Mwenyekiti ……………………

Wübke Reents, Katibu ……………………